Tochi ya Simu Siyo Tochi

Haya, leo nina ugomvi na ninyi wasomi wenzangu wa mjini, ninyi mnaocheka mtu akichomoa tochi mfukoni. Eti ushamba. Eti huyu kashuka basi la mkoani juzi, hajui kwamba simu ina tochi?

Anajua sana. Tuulizane wewe unafanya nini. Saa 4 usiku umeshuka kituoni, mtaa hauna taa, unatoa simu uliyonunua kwa mshahara wa miezi miwili, unaiwasha na kuinyoosha mbele yako. Kibaka aliyejibanza kwenye kona anatafuta nini? Simu! Nawe umemwonyesha ilipo, ukubwa wake na mkono ulioishika. Jamani, hata dalali wa mnadani hanadi mali kwa bidii namna hiyo.

Na humo ndani kuna nini? Kuna M-Pesa, kuna kazi za ofisi, kuna namba za watu ambao ungewapigia ukipatwa na balaa. Ikiporwa, au chaji ikiisha tu, umekosa mwanga, nauli na msaada kwa mpigo. Ukiporwa kitochi cha mfukoni umeporwa kitochi, unanunua kingine.

Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 na taa yake kichwani, watu waliipenda kwa taa ile, na mpaka leo simu za vitufe tunaziita vitochi. Hilo jina lilikuwa halali kabisa. Simu zenu za kisasa taa yake imewekwa kwa ajili ya kamera, kazi yake kumwaga mwanga kwa upana usoni kwa watu waliokaa karibu. Gizani inakuonyesha vidole vyako vya miguu na vya jirani. Tochi yenye kibakuli cha kuakisi ndani inakusanya mwanga na kuusukuma mbele. Yule mtu aliyeegemea ukuta unataka kumwona ukiwa hatua 30 kutoka kwake, wakati bado unaweza kugeuza njia, siyo ukiwa unamsikia anavyopumua.

Hapohapo niwapige kijembe wauzaji wanaotangaza tochi za kikomandoo za "kupofusha majambazi". Porojo. Mwanga mkali machoni usiku unamsumbua mtu kwa muda mfupi, basi. Panya Road walipovamia watu Dar mwaka 2022 na mapanga yao, tochi isingewazuia. Anayekuuzia tochi kama silaha anakutuma ukapigane, na mimi nataka uone mapema ili ukimbie mapema.

Halafu tuwaache hao vibaka kidogo. Mimi chumba cha habari kinaniachia usiku, siku nyingi kuliko ninavyopenda, na kinachonitia hofu zaidi njiani ni mtaro. Mfuniko umeibwa, umeshauzwa chuma chakavu. Mvua imenyesha, maji yamejaa usawa wa barabara, juu yanametameta kama lami. Utajuaje? Bodaboda asiye na taa anakuja upande usio wake, naye hakuoni. Waya wa umeme umelala chini. Na ninyi mliojenga Chanika na Kibamba, nyoka mnawajua wenyewe.

Najua wapo watakaosema tusibebe tochi, tudai taa za barabarani. Tudai! Kodi tunalipa, na mtaro usio na mfuniko ni aibu ya halmashauri, siyo ya anayetumbukia. Ila jua la Dar halitungoji. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, hatuna msimu wa jioni ndefu kama wa Ulaya. Toka kazini saa 11, kaa kwenye foleni, panda gari la pili, mtaani kwako unaingia na giza, Januari mpaka Desemba. Hata nguzo zikisimikwa zinahitaji umeme. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, mitambo ilishaanza kuzalisha, na bado tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu kwenye gridi ya taifa ilizima sehemu kubwa ya nchi. Sasa dada anayeshuka Mbagala saa 3 usiku asubiri bajeti ya mwaka gani? Halafu nimechunguza: wengi wanaotoa hoja hiyo wana magari.

Kariakoo kitochi kizuri hakifiki mbali sana na bei ya sahani chache za chipsi mayai. Chukua kinachotumia betri za rimoti, maana hizo kila kibanda kinauza hata umeme ukikatika. Kiwe kirefu kama kidole, kikae mfuko wa suruali au mfuko wa nje wa pochi. Kikiwa chini ya daftari na chombo cha chakula huna tochi, una mzigo. Mwanga elekeza chini, hatua chache mbele yako. Ukimmulika dereva machoni atakugonga na atakuwa na la kujitetea. Na atakayekucheka leo, umeme ukikatika atakuazima. Usimpe, hatarudisha.