"Dakika 5 zilizopita" ni lini hasa?

Hebu fikiria uko soko la Kerugoya, unauza nyanya. Mteja anakuonyesha simu yake: "Umelipa KSh 850, dakika 5 zilizopita." Unampa ndoo zake, anapanda boda, ameenda. Jioni ukipiga hesabu, hiyo 850 haipo. Kumbe ulionyeshwa picha ya malipo ya wiki jana!

Wanaotengeneza programu za simu wanapenda maneno kama "sasa hivi" na "dakika 5 zilizopita", na tunawaelewa. Simu ikiandika 2:40 PM, kwa Kiswahili hiyo ni saa nane na dakika arobaini. Ukiwa na wateja watano wamesimama, nani ana muda wa kupiga hesabu? "Dakika 5 zilizopita" unaielewa hapo hapo.

Shida ni kwamba maneno haya huhesabiwa kuanzia wakati unaposoma. Ndani ya programu yanabadilika kadiri muda unavyosonga. Lakini ukipiga picha ya skrini, yanaganda. Picha ya Jumatatu itasema "dakika 5 zilizopita" hata Ijumaa.

Halafu kuna "saa 2 zilizopita". Ni Kiswahili sanifu, sawa, lakini mtu mwenye haraka anaweza kusoma "saa mbili". Huku kwetu muda ni "masaa mawili", na saa mbili ni ile ya kuamka na kufungua duka. Programu ya pesa inafaa kuongea kama wateja wake.

Sisi tunaona hivi: maneno rahisi yabaki, lakini chini yake ziwekwe tarehe, saa kamili na nambari ya muamala, bila kumbonyezesha mtu mara tatu. Kuna watakaosema skrini itajaa. Ni mstari mmoja tu, na ndio utakaokusaidia mkibishana na mteja.

Kwa sasa, usiamini simu ya mteja. Angalia yako. Na kwa sababu meseji pia huigizwa, angalia salio kabla ya kutoa mzigo. Ukitupigia kuhusu pesa iliyopotea, usituambie tu "ilikuwa juzi jioni". Tupe tarehe, saa na nambari ya muamala. Hapo tutajua pa kuanzia.