Mchanga Wachukuliwe, Watu Waachwe?

Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa miaka mingi wananchi wa visiwani wametazama filamu zilizotokana na riwaya za kisayansi, yaani zile zinazobuni maisha ya kesho na ya sayari za mbali. Mara nyingi wameona kwamba katika kesho hiyo watu wa rangi moja ndio wanaoamuru, na wengine huamrishwa au hawapo kabisa. Si kila mara kosa hilo ni la mwandishi. Wakati mwingine mwandishi aliwaweka, filamu ikawaondoa.

Tuchukue riwaya ya Starship Troopers ya Robert Heinlein wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1959. Askari anayeisimulia ni Juan Rico, na karibu na mwisho msomaji hufahamu kwamba lugha ya nyumbani kwao ni Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, nchi ya visiwa. Mwaka 1997 Paul Verhoeven alipoitengenezea filamu, Rico alikuwa kijana wa Buenos Aires, akaigizwa na Casper Van Dien, Mmarekani mweupe. Jina lilibaki; mwenyewe aliondoka.

Katika Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, watu wa jangwani waitwao Fremen hutumia maneno ambayo mtoto yeyote aliyepita chuoni ameyasikia: Mahdi, jihadi. Filamu ya Denis Villeneuve ya mwaka 2021 ilipigwa kwa sehemu katika jangwa la Wadi Rum huko Jordan na katika mchanga wa Abu Dhabi. Lakini nafasi kubwa za Fremen walipewa Javier Bardem wa Hispania na Zendaya wa Marekani, na neno jihadi likawekwa kando. Mchanga ulionekana, wenye mchanga hawakuonekana mstari wa mbele.

Wapo watakaosema kwamba sanaa si sensa, na kwamba mwongozaji ana haki ya kubadili. Twakubali. Katika filamu hiyo hiyo, Liet-Kynes, ambaye kitabuni ni mwanamume, aliigizwa na Sharon Duncan-Brewster, mwanamke mweusi wa Uingereza, na hadithi haikupungukiwa kitu. Basi hoja yetu si kwamba kitabu ni msahafu. Hoja ni kwamba kila badiliko lipimwe: nani amezidishiwa, na nani amepunguziwa? Mwenye nafasi mia akipoteza moja hana hasara. Mwenye moja akinyang'anywa hiyo, hana tena kitu.

Jambo hili latuhusu. Fukwe zetu na mitaa yetu ya mawe huwavutia wapiga filamu. Wenye dhamana ya kutoa vibali hawana budi kuuliza si ada na idadi ya siku tu, bali pia wananchi watapewa nafasi gani mbele ya kamera. Kijana wetu akiishia kubeba masanduku, au kupita nyuma ya mhusika bila kutamka neno, tutakuwa tumekodisha nchi bila watu wake.

Wala tusikae kuwangoja wageni. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, alitoa riwaya ya Kiswahili iitwayo Walenisi. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, akafika nchi yenye usawa na utu. Jina la nchi hiyo ni maneno matatu yaliyounganishwa: wale ni sisi. Hadithi tunazo, lugha tunayo, na vijana wenye vipaji wapo. Kinachotakiwa ni viongozi wa utamaduni kuwapatia mafunzo na vifaa, na wananchi kuithamini kazi yao.

Mtoto asiyejiona katika kesho iliyobuniwa atadhani kesho si yake. Tusiruhusu adhani hivyo. Wale wa angani nao ni sisi.