Programu Yetu Imfikie Aliye Shambani Mngeta

Tangu fundi wetu wa programu arudi kutoka Mobile World Congress, kule Barcelona, simu za wahariri hazinyamazi. Ameiambia kamati ya chama chetu kwamba anasimamisha soko la mtandaoni, picha za sherehe na chumba cha mazungumzo, na nguvu yote anaipeleka kwenye mfuko wa msiba. Baadhi yenu mnasema michango imeliwa. Wengine mnasema kijana amelewa safari. Msimamo wa jarida hili ni kwamba kijana yuko sahihi, na kamati imekosea utaratibu.

Kwa sasa, anayeleta taarifa ya msiba kutoka nyumbani hutakiwa kupakia picha ya cheti cha kifo. Apakie kwa simu ipi? Msimu wa mpunga, familia nyingi huhama Ifakara, Mchombe na Mngeta, zikaenda kuishi kwenye madungu, vibanda vya shambani, bondeni hadi mavuno. Mama aliyeko huko ana kitochi, na chaji anaipata kwa kumtuma mtoto kijijini. Aprili 2024, mafuriko yalipolikumba bonde, picha tulizokuwa tukizisubiri hazikufika. Ujumbe mfupi wa maneno ungefika.

Barcelona kijana alikutana na hoja ambayo GSMA, waandaaji wa mkutano ule, huirudia katika ripoti zao: duniani watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi penye mtandao wa intaneti lakini hawautumii, wengi mno kuliko wale ambao mtandao haujawafikia. Simu, gharama na ujuzi ndivyo vinavyowakwamisha. Na kubadili lengo katikati ya kazi si fedheha. M-Pesa ilianza kwa majaribio Kenya mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Wakopaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutuma pesa, kwa simu yoyote ile.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome polepole. Fedha zilizochangwa kwa kazi moja hazihamishiwi kazi nyingine bila kura ya mkutano mkuu. Kamati, iliyokubali bila kura, inajitetea kwamba akidi haikutimia mara ya mwisho. Ni kweli haikutimia, lakini katiba yetu inasema mkutano uitishwe upya. Haisemi kamati ijiamulie.

Ili kitochi kitumike, itahitajika pia namba fupi ya kupiga kwa nyota na reli. Namba hizo hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, nasi tumesajiliwa huku ugenini. Itaombwa kwa jina la nani? Huyo atakayetuombea akijitoa, namba inabaki kwa nani, na ada italipwa kutoka fungu gani? Kamati ijibu kwa maandishi kabla ya kura.

Zito zaidi ni orodha ya ndugu zetu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Tumekusanya majina na namba za simu za wazee wetu. Nani aliwaomba ridhaa?

Inauma kusema, lakini wanaopiga kelele sana safari hii ndio viti vyao vilikuwa vitupu siku ya akidi. Fomu za warithi wa mfuko wa msiba zimelala miezi bila kujazwa. Kisha msiba unatokea, lawama zinamwangukia mweka hazina.

Ndugu zangu, wiki hii pigeni simu nyumbani. Ulizeni ndugu yenu anatumia simu gani, mtandao gani unashika shambani kwake, na kama anaridhia jina lake liwe kwenye orodha yetu. Majibu mpelekeeni katibu kabla ya mkutano mkuu wa mwezi ujao. Kisha mje wenyewe mpige kura. Asiyeweza kufika amwandikie katibu mapema nani atamwakilisha. Akidi ikikosekana tena, hakuna kitakachojengwa, na masika ijayo mama wa Mngeta ataendelea kudaiwa picha.