Dalali Anapokuwa Shangazi

Msichana anayetolewa Igembe au Mbeere kwenda kufanya kazi za nyumbani Nairobi mara nyingi hachukuliwi na mgeni. Humchukua shangazi, jirani, au mama wa kanisani, kwa ahadi ya karo. Akishafika, simu inafichwa, mshahara “anatunziwa”, na shule haitajwi tena.

Sheria ya Kenya ya kukabiliana na ulanguzi wa binadamu ya 2010 haina mzaha: kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Tena kwa mtoto si lazima kuthibitisha kuwa alidanganywa au kulazimishwa. Kumchukua ili anyonywe kunatosha. Basi mambo haya yasimalizwe kwa chifu, wazee wakinywa chai na shangazi akiomba radhi. Ulanguzi ni kosa la jinai.

Walimu wakuu wa Maua kule Igembe na Siakago kule Mbeere wanawajua wasichana ambao hawakurejea muhula ulipofunguliwa. Majina yao yawafikie maafisa wa watoto wiki hiyo hiyo. Na nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure, ibandikwe katika kila steji ya matatu za Nairobi.