Wapeni Jioni Moja Uwanjani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Kigoma

Naandika kutoka Ujiji, ninakofundisha vijana maigizo. Naomba wasanii wakimbizi wa Kirundi walio katika kambi za Nyarugusu na Nduta waruhusiwe kuja kucheza mchezo wao wenyewe katika Uwanja wa Lake Tanganyika.

Uwanja huo Warundi wanaujua. Mei 2015 makumi ya maelfu yao, wakikimbia kwao, walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikawakuta humo humo. MV Liemba, meli ya abiria 600, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta mjini. Walilala uwanjani wakingoja mabasi ya kambini.

Mwaka uliotangulia, UNESCO ilikuwa imeiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Mpigaji huingia ngoma ikiwa kichwani, mikono ikipiga, miguu ikitembea. Kagunga vichwa vya Warundi vilishuka na magodoro na sufuria.

Tangu hapo mwili wa mkimbizi ni wa kuhesabiwa: apange foleni ya mgawo, aweke kidole kwenye mashine, aombe ruhusa ya kutoka. Maigizo kambini yapo, na vipaji vipo, ila mara nyingi wasanii huitwa kuigiza ujumbe ulioletwa: nawa mikono, mpeleke mtoto kliniki. Ni ujumbe mwema, siubezi. Lakini mama anayeigiza kunawa mikono hajapewa nafasi ya kuonyesha alivyoteremka mlima usiku, mtoto mgongoni, akipapasa mawe kwa unyayo. Goti lake linaikumbuka njia ile kuliko ulimi wake. Nataka Kigoma ilione goti hilo.

Sisi wa Ujiji hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Wamanyema wengi walivushwa ziwa hili kutoka Kongo na misafara ya pembe na watumwa, wengine wakiwa minyororoni. Leo wajukuu wao ndio wenye mji.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inazuia kutoka kambini bila kibali, na sheria hiyo hiyo inaruhusu kibali kitolewe. Ofisi yako ikisema neno kwa Idara ya Wakimbizi, litasikika. Tusichelewe: kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021, na Warundi wanaendelea kurejea kwao.

Kiingilio kisiwepo. Vijana wangu watafagia uwanja asubuhi. Jukwaa hatuombi, watacheza chini, pale pale walipolala.