"Ya" moja, hukumu mbili

Kila uchaguzi unapokaribia, kama ule wa Desemba 2023 hapa Kongo, tunasikia wito wa kudumisha amani "kabla, wakati na baada ya uchaguzi". Magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi nayo huuandika hivyo hivyo, na msomaji hapepesi jicho.

Tuupime. "Kabla" hudai "ya", na "baada" pia. Ndiyo maana "kabla na baada ya uchaguzi" ni sahihi. Lakini "wakati", katika Kiswahili sanifu, hudai "wa". Hapo "ya" moja imebebeshwa mzigo usio wake. Kiingereza hukataza jambo kama hili: vivumishi viwili vyenye vihusishi tofauti vikiungana, kila kimoja hubaki na chake, kama katika "fond of and interested in music". Ila "before, during and after", sawa na "avant, pendant et après" ya Kifaransa, havihitaji kihusishi. Yaelekea tumenakili muundo huo bila kuangalia viunganifu vyetu.

Sasa njoo Bukama. Kwetu, kando ya Lualaba, Kiswahili cha Katanga hutumia "ya" mahali pengi ambapo sanifu hudai "wa", "la" au "cha". Tunasema "wakati ya vita" bila kusita. Kwa sarufi yetu, basi, ule wito wa uchaguzi hauna kasoro: "ya" inawatumikia wote watatu kwa haki.

Ajabu ni hii: mwanafunzi akiandika "wakati ya vita" hupigwa wino mwekundu, gazeti likiificha "ya" ile ile nyuma ya "baada", huitwa fasaha.

Sisemi mtihani wa Kiswahili sanifu ukubali kila kitu. Sanifu ina njia yake, tena nyepesi: "wakati wa uchaguzi, kabla na baada yake". Ninachodai ni kipimo kimoja. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na Kiswahili hicho ndicho kinachosemwa sokoni Bukama. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba amekosea, bila kuelezwa kwamba sarufi mbili zimekutana, atajifunza kukionea haya. Walimu wetu, mkiikata "ya" ya Bukama, ikateni na ya gazeti. Na zote mbili mtueleze sababu.