Mbwa Mwenye Hofu Si Mlinzi: Tuache Mnyororo, Tumfundishe Kibanda

Katika kartie nyingi za mji wa Goma, mbwa analelewa kwa kanuni tatu: afungwe mnyororo mfupi mchana kutwa, apigwe akikosea, afunguliwe usiku. Mwenye parsele anasema anataka mbwa mkali. Lakini anayelipa bei ya ukali huo si yeye. Ni mtoto anayepita na bidoni la maji alfajiri. Ni mama aliyekimbia vita kutoka Masisi au Rutshuru, akapewa pembe ya kulala kwa ndugu, na ambaye anashindwa kwenda choo usiku kwa sababu mbwa wa nyumba hamjui.

Ndugu wasikilizaji, tuseme wazi: desturi hii haitupatii walinzi. Inatupatia wanyama waliojaa hofu, na mnyama mwenye hofu huuma aliye karibu. Mwizi hayuko karibu. Aliye karibu ni mtoto.

Ukizungumza na wenye mbwa, jibu ni lile lile: "Mbwa huyu anataka kuwa shefu. Usipomvunja, atakutawala." Maneno hayo yana historia. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama. Aliwaona wakigombania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech alitia wazo hilo katika kitabu chake, likaenea dunia nzima, na watu wakaanza kulitumia hata kwa mbwa wa nyumbani. Baadaye Mech huyo huyo alikwenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru. Mwaka 1999 aliandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni jamaa tu: baba, mama na watoto wao. Watoto hufuata wazazi, kama kwetu. Hakuna vita ya kila siku ya kutafuta shefu.

Ni nani anaweza kuelewa jambo hilo kuliko sisi? Chukua watu wasiojuana, wabane ndani ya darasa moja la shule jamaa nane, wape bomba moja la maji, kisha njoo uwaangalie wanavyosukumana kwenye foleni. Halafu uandike kwamba watu wa Masisi kwa tabia yao ni watu wa kusukumana. Utakuwa umesema uongo. Umeona kambi, hukuwaona watu. Ndivyo walivyofanyiwa mbwa mwitu wale, na ndivyo tunavyomfanyia mbwa wetu: tunamfunga, anachanganyikiwa, kisha tunasema hiyo ndiyo tabia yake.

Mtazame vizuri huyo mnayemwita mbabe. Mkia umeingia katikati ya miguu. Masikio yamelala nyuma. Analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana. Hizo ni dalili za woga. Akinguruma, anaomba nafasi: "Usisogee." Wewe unampiga kwa sababu amenguruma. Atajifunza nini? Kutonguruma. Siku nyingine atauma bila kutoa onyo, na mtasema amegeuka ghafla. Hakugeuka ghafla. Alifundishwa kunyamaza kabla ya kuuma.

Dawa ipo, na ni mbao chache tu. Mbwa kwa asili anapenda pahali padogo, pa giza kidogo, ambapo mgongo wake uko salama. Mjengee kibanda chenye mlango, si kikubwa: aweze kusimama bila kuinama, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kiinue juu ya mawe ili maji ya mvua yasiingie, kiweke kivulini. Usikijenge kwa manjanja matupu na kukiacha juani. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na ndani ya manjanja yenye moto anaweza kufa kabla ya saa sita mchana. Tandika ndani kipande cha kikwembe kizee chenye harufu ya watu wa nyumba.

Sasa hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanamsukuma mbwa ndani, wanafunga, wanaondoka. Hicho si kibanda tena, ni gereza la pili baada ya mnyororo. Kazi inayofaa ni ya polepole. Siku za kwanza mlango unabaki wazi. Tupa sambaza mbili tatu karibu na mlango, kisha ndani kidogo, kisha mwisho kabisa. Aingie na kutoka mwenyewe. Akizoea, mpe bugali yake mle ndani. Baada ya siku kadhaa, funga mlango wakati anakula na ufungue kabla hajamaliza. Kesho ongeza dakika mbili, kesho kutwa tano. Akianza kuhema sana, kukwangua na kulia kwa woga, umekwenda haraka: rudi hatua nyuma. Mbwa mwenye hofu nyingi anaweza kuhitaji majuma kadhaa. Hakuna aibu.

Mambo manne hayana mjadala. Kibanda kisitumiwe hata siku moja kama adhabu. Mtoto asiingie humo wala asimchokoze mbwa akiwa ndani. Mbwa mkubwa asifungiwe zaidi ya saa nne mfululizo mchana, na mdogo muda mfupi zaidi. Na kabla ya kumfungia, awe amekunywa maji, ametembea na amejisaidia. Anayemfungia mbwa kutwa nzima ndani ya kibanda amebadilisha tu jina la mnyororo.

Kwa jamaa zilizokimbia na mbwa wao, na zipo, jambo hili ni la haraka zaidi. Mbwa anasikia kuliko sisi. Mlio wa bomu unaokutikisa wewe, yeye unamvuruga kabisa. Mbwa aliyezoea kibanda anajua pa kukimbilia milio ikianza. Asiye nacho hukata kamba na kupotea, au humuuma mtu wa kwanza anayejaribu kumshika. Na kwa jamaa inayopokea wageni, kibanda ndicho kinachofanya mbwa na watu kumi wapya waishi katika parsele moja. Wageni wakiingia, mbwa yuko ndani ametulia na chakula chake. Anawanusa kwa mbali, anawazoea siku hadi siku. Watoto wa wageni wafundishwe tangu siku ya kwanza: mbwa akiwa katika kibanda chake, haguswi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Usiku wa Goma unaujua. Mbwa mpole atafanya nini mbele ya watu wenye silaha?" Tuseme ukweli: mbele ya bunduki, mbwa yeyote hafanyi kitu. Kazi yake ni kukuamsha. Mbwa mwenye hofu anabweka usiku kucha kwa ajili ya paka, upepo na mlevi anayepita, mpaka nyumba nzima inazoea na hakuna anayeinuka. Mbwa aliyetulia akibweka, unajua kuna jambo. Yupi anayekulinda? Tazameni hapa kwetu: pale Rumangabo, Hifadhi ya Virunga ilianza kutumia mbwa wanaofuata harufu ya majangili mwaka 2011. Kufuata nyayo za mtu mwenye silaha porini ni kazi ya mbwa mwenye akili iliyotulia, anayemwamini mwenzake wa kazi. Aliyevunjwa kwa fimbo haiwezi.

Jibu la pili ni zito zaidi: "Watu wanalala njaa, na wewe unatuhubiria kibanda cha mbwa?" Ndiyo, kwa sababu ya hao wanaolala njaa. Kibanda ni mbao na misumari. Meno ya mbwa ni kidonda, usafiri wa kufika hospitali, na sindano za chanjo ambazo si moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa, hadi 99 kwa 100, vinatokana na mbwa, na kwamba kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtoto akiumwa, oshani kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha kimbilieni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Msiweke mafuta, majani wala pilipili. Na mbwa wenyewe wachanjwe: kibanda hakizuii kichaa.

Tena, mwenye mbwa asijifiche nyuma ya maneno "mbwa ni mnyama tu." Sheria yetu ya raia, kitabu cha tatu, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa hasara ambayo mnyama huyo amesababisha, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alipotea au alitoroka. Kusema "alikata kamba" si kinga. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 100, lakini kwenye avenyu zetu inatumika kwa mwenye nguvu tu. Mtoto wa mwenye duka akiumwa, mbwa anauawa siku hiyo na gharama zinalipwa. Mtoto wa mkimbizi wa ndani akiumwa, mama yake anaambiwa: "Ulipita pale kutafuta nini?" Alipita pale kutafuta maji.

Hapo ndipo mashefu wa avenyu wanapaswa kufanya kazi. Wanajua kila parsele yenye mbwa. Waulize mambo matatu: mbwa amechanjwa? Parsele imefungwa vizuri? Mbwa ana pahali pake, au anaishi shingo kwenye chuma? Na wakati mtu ameumwa, waite mwenye mbwa wamuulize juu ya matibabu, awe aliyeumwa ni mwenyeji au alifika jana na godoro kichwani.

Nanyi wazazi, msingoje shefu. Leo jioni, kabla hamjamfungua mbwa, mtazameni mkia na masikio yake. Kama anakuogopa wewe unayempa bugali, mtoto wa jirani hana usalama mbele yake. Anzeni na mbao chache na mlango ulio wazi.